Mwalimu wa Taaluma na Utafiti wa Saa Nne

Sitaandika alizaliwa wapi wala wazee wake ni akina nani. Mwenyewe ukimuuliza alikuwa akijibu kwamba hayo aliyasikia tu, hakumbuki kuyaona, kwa hiyo hawezi kuyatolea ushahidi. Alikuwa anatania, lakini si sana. Nilifanya naye kazi miaka mingi katika shule moja ya msingi pale Kilwa Masoko, na mpaka leo nikimkumbuka najikuta nimesimama na kikombe cha chai mkononi, natafuta mtu wa kumsimulia. Leo niliyempata ni wewe, basi kaa.

Tulimwita Mwalimu wa Taaluma kwa sababu ndicho kilichokuwa cheo chake: yeye ndiye aliyepanga ratiba ya vipindi, aliyekagua maandalio yetu ya masomo na aliyekusanya matokeo ya mitihani. Alipostaafu cheo kilikwenda kwa mwingine, jina likabaki naye. Kina mama wauza mihogo ya kukaanga nje ya geti walimwita hivyohivyo, na watoto walilifupisha wakasema Bi Taaluma. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwendo wa haraka, na mtandio wake haukukaa kichwani hata dakika akishaanza kubishana. Kubisha alikupenda kama wengine wanavyopenda ubuyu.

Swali lake lilikuwa moja: kapokea kwa nani? Ukimwambia jambo lolote ambalo hukuliona kwa macho yako, alikuuliza hivyo, na ukimjibu, aliuliza tena huyo naye kapokea kwa nani. Sisi wa huku, tuliokalia mkeka wa chuoni kusoma Kurani tangu wadogo, tunajua swali hilo lilikotoka. Mtu akileta hadithi ya Mtume haulizwi kwanza kama ni nzuri. Anaulizwa aliyemsimulia ni nani, na aliyemsimulia huyo ni nani, mpaka mnyororo ufike kwa mtu aliyekuwepo. Mnyororo huo ndio sanad, na ukikatika njiani, maneno yanawekwa kando hata yawe matamu namna gani. Yeye aliichukua adabu hiyo akaenda nayo kwenye magazeti, kwenye redio, kwenye simu na kwenye kila kitu kilichoanza na maneno "utafiti umeonyesha".

"Hadithi ni hadithi na karatasi ni karatasi, msije mkanigombanisha na mashehe," alikuwa akisema. "Lakini adabu ya kuuliza ni hiyohiyo."

Nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu alipigilia misumari mitatu. Juu ya kila msumari aliandika kwa chaki: Aliyeona, Aliyesikia, Anayeuza. Kila karatasi iliyoingia ofisini ikidai kujua jambo kuhusu watoto ilisomwa kwa sauti, ikaulizwa maswali, kisha ikachomekwa kwenye msumari wake. Msumari wa Anayeuza ulijaa mpaka ukapinda. Wa Aliyesikia nao ulikuwa mnene. Wa Aliyeona ulibeba karatasi chache sana, na moja kati ya hizo, ile ya juu kabisa, nitaisimulia baadaye kwa sababu ndiyo iliyotutoa jasho.

Kuna siku alituaibisha harusini. Mwalimu mwenzetu alikuwa anaoa, ukumbi umejaa, na mshereheshaji akatangaza kwamba utafiti umeonyesha wanawake wa Kilwa ndio wapishi bora wa pweza nchi nzima. Vigelegele vikarindima. Nikageuka, nikamwona Mwalimu wa Taaluma amenyoosha mkono kama yuko darasani. Nilimvuta gauni, hakukaa. Akauliza walipika wangapi, kutoka wapi na wapi, na aliyeonja alijua anaonja chungu cha nani? Bwana harusi alicheka mpaka akafuta machozi. Mshereheshaji hakucheka, na usiku huo hakutaja tena utafiti.

Methali aliyoichukia kuliko zote ni ile ya lisemwalo lipo, kama halipo laja. Aliisema huku amekunja uso, kana kwamba kuna mtu kamwekea shubiri mdomoni. Kwake ilikuwa ruhusa ya uvivu: watu wanasema, basi yatosha. Aliyoipenda ni asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na aliifundisha darasa la kwanza kabla hawajajua kuandika majina yao. Matokeo yake watoto wa shule yetu walikuwa na maswali mengi kupita kiasi, na wazazi waliwahi kuja kulalamika.

Usidhani alikuwa mtu wa mizani wakati wote. Alikuwa shabiki wa timu moja kubwa ya mpira, sitaitaja tusigombane, na habari za usajili wa timu hiyo alizimeza bila kutafuna. Mtu akimnong'oneza kwamba mshambuliaji fulani kutoka nje yuko njiani anakuja, aliamini palepale, akatangaza ofisi nzima, akafurahi wiki mbili. Mshambuliaji hakuja. Msimu uliofuata akaamini tena. Nikimuuliza kapokea kwa nani, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu," alisema, "mpira si utafiti. Mpira ni mapenzi."

Na hakufagia nyumba baada ya jua kuzama, kwa sababu ukifagia jioni unaifukuza riziki. Siku moja nikamkamata hapohapo.

"Hilo umelipokea kwa nani, Mwalimu?"

"Kwa mama."

"Na mama kapokea kwa nani?"

"Wewe Mmatumbi mama yako huwa unamhoji?" Akaniwekea ufagio nyuma ya mlango, tukacheka. Mimi ni mtoto wa Mitole, watu wa mashamba, na utani huo wa Umatumbi wangu hakuuacha hata siku moja.

Lakini kinyume kikubwa kuliko vyote ni hiki. Mtu huyu, aliyepigania mapumziko ya watoto kuliko mwalimu yeyote niliyemjua, hakuyavumilia makelele yao. Kengele ya saa nne ikigongwa, watoto wakimiminika na vikombe vyao vya uji, halafu rede, kombolela, kuruka kamba, mdako chini ya ukuta, yeye alifunga dirisha, akatia pamba masikioni, akaendelea kusahihisha. Miaka yote ile sikumwona hata mara moja akitoka kwenda kuwatazama wanacheza. Nilimuuliza sababu, akasema mapumziko ni yao, yeye anayo ya kwake, na pamba ndiyo mapumziko yake.

Sasa nije kwenye ile vita.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa mnunuzi wa pweza, mtu mzima mwenye heshima zake mjini, na aliipenda shule ile kwa dhati. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa yameshuka na wazazi walikuwa na hasira. Asubuhi moja Mwenyekiti akaingia ofisini na karatasi ndani ya bahasha ya plastiki, ameibeba kwa mikono miwili. Kichwa cha karatasi kilisema mapumziko ya asubuhi huwapotezea wanafunzi akili, na kwamba utafiti umethibitisha shule zilizoyaondoa zimefaulisha. Chini palikuwa na mhuri wa duara, wino wa bluu.

Msomaji wangu, wewe unajua mhuri ni nini kwetu. Karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga. Yenye mhuri watu husimama kuipokea. Mwalimu Mkuu wa wakati ule alisimama. Na mimi nilisimama.

"Kamati itakaa wiki ijayo," alisema Mwenyekiti. "Napendekeza kuanzia darasa la nne hadi la saba, wakishakunywa uji waingie ndani wasome. Haya si maneno yangu. Ni ya utafiti, na umegongwa mhuri."

Mwalimu wa Taaluma alimsalimia vizuri, akamkaribisha kiti, akamwomba ile karatasi. Akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Akaigeuza, akaisogeza puani, akavua miwani, akaivaa. Nilimwona mabega yake yakianza kutikisika kwa kicheko.

"Mwenyekiti," alisema, "umeusoma mhuri huu umeandikwaje?"

"Ni mhuri wa ofisi."

"Ni wa ofisi, kweli. Lakini umeandikwa IMEPOKELEWA. Maana yake karatasi hii siku moja ilifika mezani kwa mtu. Hata ukipeleka barua ya kusema mbuzi wako kapotea, watakugongea huuhuu."

Mwenyekiti akainama kusoma. Akasoma tena. Namwona mpaka leo, mzee wa watu, kofia yake ya kitambaa cheupe, kidole kinafuata herufi. Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

"Pweza akiletwa kwako," Mwalimu wa Taaluma akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "unamnunua kwa sababu kaja kwenye ndoo nzuri?"

"Simnunui. Nauliza kavuliwa mwamba gani, lini, na nani. Halafu namshika."

"Basi hii nayo tuishike."

Tukaishika. Waliochunguzwa ni watoto wangapi? Haikusema. Wa shule gani, mkoa gani? Haikusema. Aliyewachunguza ni nani? Wataalamu. Wataalamu gani? Haikusema. Sehemu ya mwisho, kwa maandishi madogo, ilieleza namna ya kuagiza vitabu vya majaribio ya mitihani, vinavyofaa kusomwa, nanukuu, hasa katika muda uliokuwa ukipotea kwa michezo. Karatasi ikaenda kwenye msumari wa tatu. Lakini alipokuwa anaichomeka alisema jambo ambalo nimelishika hadi leo: kuuza peke yake hakumfanyi mtu mwongo, Mwenyekiti anauza pweza na pweza wake ni wazuri, ila muuzaji unamkagua kwa karibu zaidi.

"Sanad yake imekatika, hilo nakubali," alisema Mwenyekiti, akisimama kuondoka. "Lakini, Mwalimu, kukatika kwake hakusemi kwamba kucheza kunafaa. Na wewe uje na ya kwako."

Alikuwa na haki. Na Mwalimu wa Taaluma alikuwa nayo ya kwake, ndiyo ile ya juu kwenye msumari wa Aliyeona: kipande cha gazeti kilichosema watafiti wamegundua kwamba watoto wanaopewa muda wa kucheza hutulia darasani na hushika masomo haraka. Kilikuwa pale kabla mimi sijafika shuleni. Alikinukuu katika kila kikao, na wote tulikijua kwa moyo. Alikishusha, akakipangusa vumbi, akawa anatabasamu. Nami, kwa mazoea tu aliyonitia mwenyewe, nikauliza.

"Na hiki, Mwalimu, kapokea kwa nani?"

Akakisoma upya, polepole, midomo inatembea. Watafiti. Watafiti gani? Hakikusema. Tabasamu likamtoka, halafu, na hapa ndipo nilipojua nafanya kazi na mtu wa namna gani, macho yakawaka. Akavuta kiti chake karibu na changu.

"Toa simu yako," alisema. "Tukitafute kwao."

Siku zile zilizofuata nilizifurahia kuliko sikukuu. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya ofisi kila tulipopata nafasi, mimi napekua simuni, yeye kanikalia begani ananiamrisha. Tukaikuta habari ile kwenye mtandao mmoja, maneno yaleyale, ikisema imetoka kwenye mtandao mwingine. Tukaenda huko. Ule mwingine ukasema umetoa kwenye ukurasa wa mtu fulani. Tukaenda kwa mtu fulani. Mtu fulani akasema ameisoma gazetini, na gazeti lenyewe ni lilelile la kipande chetu. Tulikuwa tumezunguka nyumba na kurudi mlangoni kwetu.

Nilidhani atasononeka. Alipiga kofi gotini, akasimama, akakaa tena, akasema hajawahi kuona uongo uliojizaa wenyewe namna hii, na kwamba inawezekana hata si uongo, inawezekana ni kweli tupu, ila hakuna hata mmoja katika mzunguko ule aliyekuwepo. Tukaendelea kutafuta. Tukakuta na kazi nyingine, ndefu, za watu waliojitaja majina, waliosema waliwatazama watoto gani na kwa namna gani. Nyingi ziliegemea upande wetu, lakini kwa tahadhari, na zilikuwa za nchi za baridi, zenye mabembea na nyasi, si za watoto wanaokunywa uji juani Kilwa. Katika moja waandishi wenyewe walikiri mwishoni mambo ambayo hawakuweza kuyajua. Sehemu hiyo alinisomesha mara tatu.

"Mtu anayekuonyesha pale asipojua," alisema, "huyo mimi nitamsikiliza pale anapojua."

Siku moja kabla ya kikao alikitoa kile kipande cha gazeti kwenye msumari wa kwanza, akakichomeka kwenye wa pili. Nikamsihi akiache. Nilimwambia Mwenyekiti hana simu nzuri, hatajua, wazazi watapiga kura, na watoto watafungiwa ndani. Nilikuwa nasema kweli, nilikuwa nawaona watoto wangu wa darasa la tano tayari, wamelala juu ya madawati saa sita.

"Kwa hiyo yeye tumuulize, sisi tusiulizwe?" akasema. Akafuta chaki mikononi, akaenda nyumbani.

Kikaoni alisimama akasema yote mawili. Karatasi ya Mwenyekiti haina sanad, alisema, na yangu ambayo nimewasomea miaka yote hii nayo haina, jana nimeiangusha mwenyewe. Watu waliguna. Mzazi mmoja akauliza, sasa tumwamini nani? Akasema wako watu wa mbali walioona kwa macho yao, na wanaegemea kwenye kucheza, lakini hapa kwetu hakuna aliyetazama. Basi tutazame. Darasa la sita lina mikondo miwili. Nusu ya kwanza ya muhula mkondo mmoja utoke kucheza na mwingine usome, nusu ya pili wabadilishane, na majaribio yawe yaleyale. Mwenyekiti alifikiri, akasema hivyo ndivyo mtu anavyonunua pweza, na kamati ikakubali.

Laiti ningeweza kukuambia kwamba jibu lilitoka safi. Nusu ya kwanza waliocheza walifanya vizuri zaidi kidogo. Nusu ya pili mvua ilinyesha mfululizo, kucheza kukawa hakuna, kisha surua ikaingia na madawati yakabaki matupu. Mwishoni alisimama tena mbele ya kamati akasema: waliofungiwa ndani nimewaona wakisinzia kabla ya adhuhuri, hilo nimeliona, lakini kama kucheza kunafaulisha, sijui. Kamati ikaamua mapumziko yabaki mpaka atakapokuja anayejua. Hakuja mtu. Mapumziko yakabaki, naye akastaafu, akahamia Kinjumbi kwa mpwa wake.

Miaka imepita. Mimi ndiye mwalimu mkuu wa shule ile sasa, na Mwenyekiti ni yuleyule, kazeeka, macho yamepungua, bado ananunua pweza. Mwaka jana matokeo yakashuka tena, safari hii vibaya. Wazazi wakaja juu, na hoja ya kuyaondoa mapumziko ikafufuka, kikao kikapangwa Jumatatu. Nilikuwa sina usingizi. Ndipo mwalimu mmoja kijana akanirushia ujumbe kwenye simu, unaozunguka makundi ya walimu mkoa mzima: Mwalimu mstaafu wa Kilwa athibitisha kisayansi, watoto wanaocheza saa nne hufaulu wote. Niliruka. Jumamosi asubuhi nilikuwa ndani ya basi la kwenda Kinjumbi, nimempelekea ushindi wake.

Nilimkuta amekaa barazani anachambua mchele, miguu imevimba, miwani minene kuliko ya zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mmatumbi wangu. Umekonda, ndio ukuu huo?"

Nikampa simu. Alisoma akiwa ameisogeza puani. Alicheka mpaka mpwa wake akatoka ndani kuangalia kuna nini. Kisha akacheka kidogo zaidi, kisha akaacha.

"Huyu kapokea kwa nani?"

"Kwako, Mwalimu. Ni wewe."

"Mimi sijasema. Nilisema sijui. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Lakini kikao ni Jumatatu. Wanataka kuwafungia watoto ndani, na wote wameshausoma ujumbe huu, na wanauamini. Sihitaji kusema kitu. Nikinyamaza tu, tumepona."

Alinirudishia simu, akanitazama. Sikuyakwepa macho yake, kwa kuwa nilikuwa na wanafunzi wangu kichwani na nilikuwa tayari kubishana naye siku nzima. Hakubisha. Alimwita mpwa wake amletee baibui.

"Chanzo cha habari ni mimi," alisema, "na sijafa. Chanzo kilicho hai kinaulizwa chenyewe. Nitakwenda nawe."

Safari ile ya basi hadi Nangurukuru, na kutoka pale hadi Masoko, alizungumza njia nzima. Alitaka kujua kila kitu: waliofeli wamefelia masomo gani, walimu wangapi wamehama, uji bado upo? Uji haukuwepo tangu mwaka juzi, nilimwambia, na watatu wa hisabati wamehamishwa. Akanipiga begani.

"Na mnalaumu kombolela!"

Jumatatu ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Alipoingia akiwa amenishika mkono watu wazima waliowahi kuwa wanafunzi wake walisimama wote. Nilisikia mtu akisema nyuma yangu, ndiye huyo aliyethibitisha. Mwenyekiti alimkaribisha mbele, wakasalimiana kwa muda mrefu kama desturi, wakaulizana hali za nyumbani mpaka zikaisha.

"Mwalimu," alisema Mwenyekiti, "tumesoma habari yako. Sasa tuambie wewe mwenyewe, tusikie kwa mdomo wako. Watoto wakicheza saa nne, watafaulu?"

"Sijui."

Ukumbi ukaanza kunong'ona.

"Hujui," Mwenyekiti akarudia. "Umetoka Kinjumbi na miguu hiyo kuja kutuambia hujui?"

"Nimekuja kukanusha. Mngepiga kura nilivyotaka, kwa maneno ambayo sikuyasema, na kesho mtu angekuja na maneno mengine mkapiga kura kinyume. Nilichokiona ni kimoja, wale tuliowafungia walisinzia. Na juzi nimesikia kingine kwa mwalimu wenu mkuu, mwulizeni naye: watoto hawa hawana uji na hawana walimu wa hisabati. Hilo halihitaji utafiti kutoka mbali. Mlango wa jiko uko pale, nendeni mkaone majivu ni ya lini."

Wengine walitoka kweli, wakaenda jikoni. Waliporudi mjadala ulikuwa mwingine kabisa. Kura ilipopigwa, mapumziko yalibaki. Mikono haikuzidi sana, na Mwenyekiti mwenyewe aliinua wa kuyaondoa, kwa sababu, alisema, kama hakuna anayejua basi yeye anabaki na wasiwasi wake. Mwalimu wa Taaluma alimpa mkono kwa furaha kuliko alivyowapa waliotuunga. Na kabla kikao hakijafungwa, zamu za kupika uji zilikuwa zimeshapangwa.

Kengele ya saa nne ikagongwa tukiwa bado mlangoni. Watoto wakamwagika. Nikamshika mkono nimwingize ofisini, nilijua kelele zinamuudhi. Akauchomoa.

"Hebu kwanza."

Akasimama juani, mtandio umemwanguka, anatazama. Karibu na ukuta palikuwa na kundi la wasichana na ndala zilizopangwa mistari, wanarukia hii, wanaikwepa ile, mmoja anahesabu kinyumenyume, mara wote wanakimbia kubadilishana pembe. Sikuutambua mchezo ule, na nimelelewa kwa michezo. Yeye naye hakuutambua. Akamwita aliyekuwa karibu.

"Mchezo huu unaitwaje, mjukuu wangu?"

"Bado hauna jina, bibi," alijibu yule mtoto huku akihema. "Tumeuanza wenyewe Alhamisi."

Mwalimu wa Taaluma alinigeukia, na sijawahi kuuona uso wake vile, si kwa karatasi yoyote, si kwa mshambuliaji yeyote. Akanibana mkono mpaka ukauma. Kisha akaniachia, akavua viatu, akaketi chini kwenye mchanga katikati ya makelele yote yale.

"Nieleze," alimwambia mtoto. "Mnaanzaje?"